HIStory: Kivugo cha Michael Jackson Kilichozunguka Dunia

Muhula uliopita, katika semina yetu ya fasihi simulizi, mwenzetu mmoja alisimama akasema anataka kuandika kazi yake juu ya ziara ya Michael Jackson. Darasa zima likaangua kicheko. Mhadhiri hakucheka. Aliuliza tu: "Fasihi iko wapi hapo?" Mwenzetu akababaika, akakaa, na wiki iliyofuata akaja na mada ya methali. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka, tena kwa sauti. Baadaye nikaanza kujiuliza: kwani swali lile lilikuwa la kumnyamazisha, au la kumtuma akatafute? Nimelitafutia jibu mwenyewe, na makala haya ndiyo matokeo yake.

Hoja yangu ni kwamba ziara iliyoitwa HIStory, ya mwaka 1996 na 1997, ni kivugo. Ni majigambo ya mtu mmoja yaliyojengewa jukwaa la chuma na kuzungushwa duniani. Nikishalionyesha hilo, nitaipima ziara kwa kanuni za kivugo chenyewe. Wapo watakaosema nimeibebesha biashara ya muziki heshima isiyoistahili. Nawaomba wavumilie hadi mwisho, maana sikuja kumpigia mtu debe.

Ziara yenyewe

Ziara ilianza Prague, katika bustani ya Letná, tarehe 7 Septemba 1996, ikamalizika Durban, Afrika Kusini, tarehe 15 Oktoba 1997. Yalikuwa maonyesho 82 katika nchi 35, na watu waliohudhuria wanakadiriwa kufikia milioni 4.5. Msingi wake ulikuwa albamu ya HIStory iliyotoka Juni 1995. Albamu hiyo ilikuwa na sehemu mbili: nyimbo 15 za zamani zilizomjengea jina, na nyimbo 15 mpya ambazo nyingi zake ni malalamiko. Jalada lake halikuwa na picha ya mwimbaji bali ya sanamu yake, amesimama kama jemadari aliyekunja ngumi. Sanamu kubwa za namna hiyo zilisambazwa katika miji ya Ulaya, na mojawapo ikaelea juu ya mashua katika mto Thames, London.

Kwetu ziara hii haikufika. Michael Jackson alikuja Dar es Salaam Februari 1992, katika safari yake ya Afrika, lakini alikuja kama mgeni bila jukwaa. Mama yangu mdogo alikuwa mwanafunzi wakati huo. Anasimulia kwamba alisimama barabarani juani saa nzima, akaona msafara wa magari ukipita, basi. Hadi leo anasema "nilimwona Michael". Ukimbana sana anacheka na kukiri kwamba aliona kioo cha gari. Nami sina cha kumcheka, kwani onyesho nililolitazama ni lile la Munich la Julai 1997, lililopigwa picha kwa ajili ya televisheni. Nimelitazama kwenye kompyuta ya rafiki, bwenini, mara tano au sita. Kwa hiyo mimi pia nimeona kioo tu, na msomaji aliweke hilo akilini.

Kwa nini kivugo?

Tunafundishwa kwamba kivugo ni ghani la kujisifu. Wahaya wana ebyebugo, na makabila mengine yana ya kwao. Sifa zake tunazijua kwa sababu tumezikariri kwa ajili ya mtihani. Anayeghani ndiye anayesifiwa. Anataja matendo yake na maadui aliowashinda. Anavaa rasmi, anashika silaha, anatembea huku na huko. Na hadhira inamjua: ilikuwapo alipokwenda vitani, au ina ndugu aliyekuwapo. Sifa hii ya mwisho mara nyingi tunaipita haraka, lakini mimi naiona ndiyo roho ya kivugo. Mtu hawezi kujigamba mbele ya wanaomjua kwa jambo ambalo hakulitenda. Watamzomea.

Sasa litazame onyesho la HIStory. Linaanza kwa filamu: chombo cha angani kinakimbia kwa kasi ndani ya historia ya binadamu, kinapita mapiramidi na majengo mashuhuri, hadi kinapowasili jukwaani chenyewe kwa kishindo. Mlango unafunguka. Anatoka mtu aliyevaa vazi linalong'aa kama la mwanaanga. Kwa muda mrefu hafanyi lolote. Anasimama tu, na uwanja mzima unapiga kelele. Kisha linakuja fungu la nyimbo linaloanza na "Scream", aliourekodi na dada yake Janet, ambao ni lawama kwa vyombo vya habari. Maana ya mpangilio huo iko wazi: historia yote ya dunia ilikuwa njia tu ya kumleta mimi hapa, na nimefika nikiwa na ugomvi.

Hebu niambieni, kama hayo si majigambo ni nini? Silaha ipo, vazi lipo, maadui wapo. Hata jina la ziara lina mchezo wa maneno wa Kiingereza unaoigeuza historia ya wote kuwa hadithi ya mwanamume mmoja.

Fani: sanduku la "Billie Jean"

Nikiulizwa ni wapi Jackson alionyesha ufundi wa fanani hasa, sitataja chombo cha angani wala fataki. Nitataja sanduku.

Katikati ya onyesho jukwaa linabaki tupu na giza. Mwanga mmoja unamulika. Jackson anaingia akitembea polepole kama msafiri wa kawaida aliyechoka, mkononi ana sanduku dogo. Analiweka, analifungua. Anatoa koti jeusi la vimetameta, analivaa. Anatoa glavu moja nyeupe. Uwanja umeshajua. Kila kitu kinachotoka kwenye sanduku kinapokewa kwa mayowe, na yeye haharakishi hata kidogo. Mwisho anatoa kofia. Akiivaa, muziki unaanza.

Tuangalie kilichotendeka hapo. Hakuna neno lililoimbwa bado, lakini hadithi imeshasimuliwa. Mwaka 1983, katika sherehe ya televisheni ya kampuni ya Motown, Jackson aliimba "Billie Jean" akiwa na koti, glavu na kofia, akateleza kinyumenyume mbele ya watazamaji wa Marekani, na tangu siku hiyo hakuwa mwimbaji tu bali alama. Hadhira ya 1997 inalijua tendo hilo kama hadhira ya kivugo inavyoijua vita iliyotajwa. Sanduku ni njia ya kusema: mnakumbuka? Na ni zaidi ya hapo. Linatuonyesha mtu kabla ya vazi na mtu baada ya vazi, linakiri mbele yetu kwamba shujaa huyu huvaliwa na kuvuliwa kama koti. Katika ziara yote, hapa peke yake ndipo Jackson anapotuonyesha mshono wa sanamu yake. Mhakiki anayedai kwamba sanaa ya kibiashara haina tafakuri ndani yake inabidi alitolee maelezo sanduku hili.

Sauti ya nani?

Sasa tuje kwenye doa ambalo wapenzi wake hawapendi litajwe. Katika sehemu kubwa ya ziara hii sauti iliyosikika ilikuwa ya kanda. Jackson alicheza kwa mwili wake wote, lakini midomo ilikuwa ikifuata sauti iliyorekodiwa zamani studioni. Nyimbo chache aliimba mwenyewe, hasa lile fungu la nyimbo za utotoni za Jackson 5, na sauti hapo inasikika imechoka, inakwaruza, lakini ni yake.

Tulipolijadili jambo hili bwenini, rafiki yangu alisema, "Kwani tatizo nini? Watu walikuja kutazama, hawakuja kusikiliza." Ni jibu la haraka, na nusu yake ni kweli. Ngoma nyingi zina wacheza na waimbaji tofauti, na hakuna anayelalamika. Lakini kivugo hakiko hivyo. Kivugo ni pumzi ya mwenye kujisifu. Ukimtuma mwingine akughanie, hiyo inakuwa sifo, utanzu mwingine kabisa. Na je, ukimtuma nafsi yako ya miaka kumi na mitano iliyopita? Hapo ndipo Jackson alipotuletea jambo ambalo vitabu vyetu vya fasihi simulizi havikuliwazia: fanani wa 1997 anamsifu fanani wa 1982 kwa kumkopesha mwili. Jukwaani kuna mmoja wanapoonekana wawili.

Tunafundishwa kwamba fasihi simulizi huishi katika utendaji, kwamba kila utendaji ni tofauti, na kwamba hadhira huweza kuugeuza. Kanda haigeuki. Ndiyo maana tukio lililonigusa kuliko yote halikuwa kwenye mpango. Ni la Seoul, Oktoba 1996. Wakati wa wimbo wa "Earth Song" Jackson hupandishwa na kreni hadi juu ya vichwa vya watu. Usiku ule mpenzi mmoja aliwapita walinzi akaidandia kreni, naye akainuliwa hewani. Jackson akamshika kwa mkono asianguke. Kwa dakika chache hizo onyesho la mamilioni likawa jambo la watu wawili wasiojuana, mmoja akimzuia mwingine asife. Kanda haikujua lolote. Nasema hapo ndipo ziara ilipokuwa utendaji kwa maana kamili ya neno.

Maudhui: kifaru kimetumwa na nani?

"Earth Song" hiyohiyo ndiyo inayobeba dhamira kuu. Baada ya mayowe juu ya ardhi iliyoharibiwa, kifaru cha vita kinaingia jukwaani. Askari anashuka na bunduki, anaielekeza kwa watu, kisha kwa Jackson. Jackson anaishika bunduki polepole na kuishusha. Askari anapiga magoti, analia. Mtoto anakuja kumpa ua. Baadaye linafuata "Heal the World" lenye watoto, na mwishoni kabisa wimbo wa "HIStory" wenye bendera za mataifa.

Nilipoandika rasimu ya kwanza nililivamia tukio hili kwa silaha zetu za kawaida. Niliuliza: kifaru hiki kimetumwa na nani? Nani amekitengeneza, nani amekiuza? Vita haviishi kwa sababu askari mmoja amelia. Huu, niliandika, ni ubinadamu wa juujuu unaoficha tabaka linalofaidika na vita, na uliotoka katika nchi inayoongoza kwa kuuza silaha duniani. Nilijiona nimemaliza kazi.

Kisha nikatazama ratiba. Miji mitano ya kwanza ilikuwa Prague, Budapest, Bucharest, Moscow na Warsaw, yote ndani ya Septemba 1996. Msomaji, hebu fikiri. Kifaru kinaingia jukwaani Prague, mji ambao mwaka 1968 vifaru vya kweli vilipita mitaani. Siku tatu baadaye kinaingia Budapest, ambako vilipita mwaka 1956. Kisha Bucharest, ambako Desemba 1989, miaka saba tu kabla ya hapo, jeshi lilifyatulia risasi raia wake. Na mwaka uliofuata kinaingia Johannesburg na Durban, katika nchi ambayo katika miaka ya 1980 magari ya kivita yalikuwa yakizunguka mitaa ya Waafrika. Mtazamaji wa miji hiyo hakuhitaji kuambiwa kifaru kimetumwa na nani. Jina alikuja nalo kutoka nyumbani. Ule utupu niliouona kuwa kasoro ulikuwa pia nafasi ambayo hadhira iliijaza. Kumbe nilikuwa nimehakiki jukwaa nikaisahau hadhira, kosa ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi hapaswi kulifanya.

Hata hivyo siifuti hoja yangu ya kwanza, naipunguza tu makali. Utupu unaomruhusu aliyeonewa kutia jina unamruhusu mwonevu pia kuketi jukwaa la heshima na kupiga makofi. Tarehe 7 Oktoba 1996 onyesho lilifanyika Tunis, chini ya utawala wa Ben Ali. Tarehe 1 Novemba 1996 lilifanyika Mumbai, na waliolialika ni watu wa Shiv Sena, chama kilichojijenga kwa siasa za utaifa wa Kihindu na kwa kupinga utamaduni wa Magharibi. Kiongozi wake Bal Thackeray alimpokea Jackson kwa mikono miwili. Mapato yalikusudiwa kuisaidia jumuiya ya vijana iliyo chini ya chama hicho, serikali ya jimbo waliyoiongoza ikasamehe kodi ya burudani, na jambo hilo likafika mahakamani. Maneno ya amani yanayoweza kuimbwa kokote bila mtu yeyote mwenye nguvu kukunja uso yana walakini. Bendera za mataifa yote zilipepea, lakini hakuna taifa lililoulizwa swali.

Na kuna Letná yenyewe. Juu ya kilima kile, mwaka 1955, ilizinduliwa sanamu ya Stalin yenye urefu wa zaidi ya mita 15. Mwaka 1962 ikalipuliwa kwa baruti. Mwaka 1996, ili kuitangaza ziara, sanamu ya Jackson ya mita kama 10 ilisimamishwa kwenye jukwaa lilelile la mawe. Wenyeji wengine walicheka, wengine walichukia. Mimi naona hakuna mhakiki angeweza kuandika maoni makali zaidi ya hayo. Hapo pana swali ambalo ziara yote inalikwepa: mtu akishachoka na sanamu ya mtawala, je, anachohitaji ni sanamu nyingine, hata kama ya pili inacheza vizuri?

Watoto jukwaani

Nimefika mahali ambapo ningependa kunyamaza, lakini nikinyamaza nitakuwa nimewadanganya wasomaji. Mwaka 1993 Jackson alituhumiwa kumdhalilisha mtoto. Alikanusha, na mwaka 1994 shauri la madai likamalizwa kwa malipo nje ya mahakama. Mwaka 2005 mahakama ya California ilimwona hana hatia katika mashtaka mengine ya aina hiyo, yote. Alifariki tarehe 25 Juni 2009. Mwaka 2019 filamu ya Leaving Neverland ilileta madai ya wanaume wawili juu ya utoto wao, na wasimamizi wa mali yake wakayakanusha.

Mhakiki si hakimu, na sitajifanya hakimu. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza kazi ya sanaa inafanya nini. Kivugo hiki kilitungwa baada ya 1993. Ni jibu. Ndani yake mtoto anakuja na ua mara baada ya bunduki kushushwa, na watoto wanamzunguka shujaa katika wimbo unaofuata. Mtoto yule hasemi neno. Amewekwa pale kama shahidi wa upande wa utetezi ambaye hataulizwa maswali. Najua wapo watakaoniambia kwamba watoto walikuwa katika nyimbo zake kabla ya hapo. Ni kweli. Lakini jambo lilelile likitendwa baada ya tuhuma halibaki lilelile. Fanani aliyeweza kulifungua sanduku lake mbele yetu alilifunga jingine hapo, na mimi ninapolitazama onyesho siku hizi, hapo huangalia pembeni. Mwenzangu wa bwenini husogeza mbele.

Je, basi tuache kuitazama kazi yote? Kuna waliofanya hivyo, na siwalaumu. Mimi nimechagua kuihakiki, kwa sababu kazi iliyopendwa na mamilioni haiishi nguvu kwa sisi kuipa kisogo. Ila sitaki mtu aniambie kwamba uhakiki wa fani unaweza kufanywa huku suala hili likiachwa mlangoni. Fani yenyewe imelileta jukwaani.

Hitimisho

Nilisema nitaipima ziara kwa kanuni za kivugo. Kwa vazi, silaha na matumizi ya kumbukumbu ya hadhira, imefaulu kuliko kazi nyingi nilizosoma. Kwa pumzi, imefaulu nusu. Kwa msimamo, imejificha nyuma ya ulimwengu mzima ili isigombane na yeyote.

Inabaki ile kanuni ya mwisho, kwamba kivugo hughaniwa mbele ya wanaokujua. Katika maonyesho 82, yaliyofanyika Marekani yalikuwa mawili tu, Januari 1997, tena Honolulu, kisiwani, mbali na bara. Sitaki kubashiri nia, natazama matokeo: mtu alijigamba katika mabara matano, lakini si katika miji iliyomlea, iliyomtengeneza na iliyokuwa ikimtuhumu. Mama yangu mdogo angemshangilia bila swali lolote, kama alivyolishangilia gari. Sisi wa mbali ndivyo tulivyo. Waliokuwa na la kumjibu hawakuwapo uwanjani.

Namrudia mwenzetu wa semina. Fasihi ipo, ndugu yangu, na haikupasa ukae. Tuliocheka tulidhani kwamba kwa kuwa jambo lina taa nyingi na fedha nyingi basi halina maana ya kuchambua. Kazi ya methali umeshaikabidhi, lakini muhula ujao kuna semina nyingine. Simama tena, na safari hii nitakaa mstari wa mbele nikiwa na maswali.